Kadi Yangu Inaisha Ijumaa

Lifti imeharibika tangu Septemba,
kwa hiyo napanda ngazi, tisini na mbili.
Nimezihesabu kama ninavyohesabu kila kitu siku hizi:
siku za kazi zilizobaki, nne;
salamu za Bi Nyokabi wa ofisi ya wafanyakazi, mbili wiki nzima,
na moja haikuwa yangu,
ilikuwa ya aliyekuwa nyuma yangu.

Vumbi la Nakuru limeingia hata kwenye kalkuleta.
Dirishani, Menengai imejilaza, mgongo umetulia
kama mtu mwenye mkataba wa kudumu.

Mezani, faili la mkopo:
Mzee Sitienei wa Rongai, ng'ombe watatu,
anaomba laki moja na nusu anunue pampu ya maji.
Kazi yangu ni kuuliza, je, kipato chake kina uhakika?
Fomu ina visanduku vitatu:
kudumu, mkataba, nyinginezo.
Nimeandika kwa wino mweusi kwamba ng'ombe wa mzee
hukamuliwa kila siku, hata Krismasi,
na risiti za maziwa anazo za miaka saba.
Ningejaza fomu hii kwa jina langu
ningejinyima mkopo kabla ya chai ya saa nne.

Tuko wawili, na nafasi, inasemekana, ni moja.
Inasemekana.
Neno hilo limenilia chakula cha mchana mara ngapi?

Onkware anakaa kando yangu. Aliwahi kuniazima chaja
akarudi nyumbani na simu iliyozimika.
Jumatatu hesabu zake zilikataa kulingana,
shilingi arobaini zimepotelea kati ya amana na riba.
Niliziona. Safu ya M, mstari wa mia mbili na kumi,
nukta imekaa pasipo pake.
Nikanyamaza dakika kumi na moja.
Katika dakika hizo niliajiriwa,
nikalipa kodi ya Free Area, miezi miwili kwa mpigo,
nikamwezekea mama jiko kwa mabati mapya,
nikawa mtu nisiyemjua
mwenye kadi isiyo na tarehe.
Kisha nikasema, "Angalia safu ya M."
Akasema asante bila kugeuka.
Hakuna aliyeona,
na kwenye mizania hakuna pa kuliingiza hilo.

Jioni mama hupiga simu kutoka Molo.
Haulizi. Anasimulia bei ya gunia la viazi,
baridi, fuko aliyerudi shambani,
halafu ananyamaza,
na katika kunyamaza kule namsikia akiuliza.
"Subira," anamalizia, "huvuta heri."
Najua, Mama.
Ila nimepiga hesabu: huvuta na riba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilikabidhiwa siku ya kwanza, saa tatu asubuhi:
muhuri, rundo la vocha,
nywila ya mtu aliyekuwa likizo.
Miezi sita nalima.
Naijua printa isiyotoa karatasi mpaka uigonge ubavuni.
Namjua mteja anayefoka kwenye kaunta
kwa sababu anaona haya kusema hajui kusoma.
Na bado askari wa mlangoni, asubuhi ya leo,
"Wewe ni mgeni wa nani?"

Ijumaa saa tisa tumeitwa,
sote wawili, kwa barua pepe moja,
mistari miwili, bila hata habari zenu.
Onkware ameisoma mara nne. Najua kwa sababu nimehesabu.
Amenigawia nusu ya andazi lake, tukatafuna
tukitazama ukuta.

Faili la mzee nimelimaliza. Nimependekeza apewe.
Chini kuna nafasi ya jina, na ya sahihi, na ya cheo.
Jina nimeandika: Chelagat.
Sahihi nimetia.
Pale kwenye cheo kalamu imesimama
mpaka wino umeacha doa dogo,
duara, jeusi,
kama nukta iliyokaa pasipo pake.