Upande wa Pili, Wimbo wa Tano

Santuri ilifika Ngamiani ndani ya sanduku la viatu.
Aliileta mjukuu wa Bi Echata, baharia,
kainunua Marsei kwa bei ya soda mbili
kwa kuwa nyuma ya jalada, kwa herufi za sisimizi,
paliandikwa: Tanga.

Mbele, mwanamke. Solange Kervadec.
Koti jeusi, shingo ndefu, hamtazami mtu.
Bi Echata, Mngazija, akavaa miwani ya marehemu mumewe
akatusomea kama anayesoma hati ya nyumba:
upande wa kwanza, nyimbo sita, zake mwenyewe;
upande wa pili, za kuazima,
moja ya Wareno, moja ya Warusi,
mbili za wavuvi wa nchi ya baridi,
na ya tano, "kutokana na wimbo wa Tanga,
mtunzi hajulikani."

Hajulikani!
Mtunzi alikuwa chumba cha pili, Barabara ya Kumi na Nne,
mguu juu ya cherehani, pini tatu mdomoni,
anapinda suruali ya mwalimu wa Usagara.

Nilimwita shangazi kwa hasira iliyokuwa yangu, si yake.
Nilishapiga hesabu: wakili, barua, fidia,
bati jipya, jino la dhahabu.
Fundi Mwakidudu akaipangusa santuri kwa upindo wa kanzu,
akaegesha shilingi ya zamani juu ya sindano
isirukeruke.

Kodiani ikaanza, ile ile ya kwetu,
ila imeogeshwa na kuvishwa soksi.
Palipokuwa na dumbaki, sasa brashi,
kama mtu anafagia alfajiri asimwamshe jirani.
Kisha sauti, kavu, ya karibu,
ya kusemea gizani.

Bi Echata akatafsiri, mstari mmoja nyuma:
"Treni imekwenda... stesheni inanuka mvua...
nimebaki na glavu yako moja..."
Shangazi akatemea pini kiganjani.
"Treni gani? Mimi niliimba kapu."

Kweli, aliimba kapu:

   Nilikupa kapu zima, umerudisha kitako,
   Na ulimi ukasema, kitako ni haki yako,
   Shoga nimeshakupima, kwa kipimo cha mwenzako,
   Kama wataka kuvuma, nalitaja jina lako:

na hapo ndipo jina.
Ila siku ya kurekodi, mbele ya kipaza sauti cha kukodi,
mwenye jina aliingia ukumbini, akakaa kiti cha mbele,
mtoto mgongoni ana homa.
Shangazi akalimeza.
Mapigo matatu, kimya. Dumbaki nayo ikaduwaa.
Fundi mitambo akasema imeharibika, lakini kanda ghali,
iende hivyo hivyo.

Na sasa, huko Ufaransa,
wapiga fidla kumi na wawili, wanaolipwa kwa saa,
wanafika pale pale
wanainua pinde zao
wanangoja.

Solange Kervadec anameza jina asilolijua.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza.
"Rudisha. Rudisha pale aliponyamaza."
Tukarudisha mara nne.
Kimya chenyewe kina vumbi, kinakwaruza.
Mara ya tano hakucheka.
Alikuwa anahesabu kwa kidole juu ya paja.
"Huyu naye," akasema, "ana mtu wake."

Nikamkumbusha wakili.
Akanitazama kama uzi uliokatika katikati ya pindo.
"Maneno yangu hakuchukua hata moja.
Sauti niliikuta kwa mama, na mama kaiokota Pongwe
kwa mkata mkonge, aliyekuja nayo alikotoka.
Wewe utamshitaki nani, umwache nani?
Ila kimya ni changu. Hicho mwandikie barua.
Mwambie kina mwenyewe, Mishi Kidege, yu hai, anashona."

"Na jina?" akauliza Bi Echata. "Alikuwa nani?"

Shangazi akazirudisha pini mdomoni.
Moja. Mbili. Tatu.

Suruali ya mwalimu ilitoka mguu mmoja mfupi.