Upande wa Tano

Ua wetu una pande nne.
Zenon aliupanda, mche kwa mche, mwaka tuliohamia Lublin,
mivinje mifupi kama watoto wa chekechea kwenye foleni,
nami nikamcheka: uzio gani huu, hata paka anauruka?
"Subiri," akasema. Nikasubiri miaka kumi na tisa.
Ikarefuka, ikashikana mabega,
ikamfungia nje bwana Halicki na darubini yake ya kutazamia ndege
(ndege gani huanikwa kwenye kamba, tulikuwa tukiulizana).

Humo ndani nimefanya mambo yangu.
Nimekula cheri mtini na kutema kokwa popote.
Nimeketi na kitambaa kichwani, halafu bila kitambaa,
msimu ule dawa ziliponinyoa.
Na tangu Zenon azikwe, kila asubuhi huenda kwenye benchi lake
na kikombe cha chai, nimweleze bei ya siagi
na mambo mengine yasiyokuhusu.

Jumamosi moja ya Juni nikasikia nyuki.
Nikatazama maua ya maharagwe: hakuna.
Sauti ilikuwa juu, imesimama.
Nyuki hasimami hivyo. Nyuki ana kazi.
Kitu cheusi, mikono minne, taa moja nyekundu,
kinaning'inia bila uzi juu ya utosi wangu
kama swali ambalo mwenye adabu angelimeza.

Nilikuwa na gauni la kulalia, limetoboka kwapani.
Nikakwama katikati ya neno.
Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Si gauni,
neno. Nilikuwa namwambia Zenon "usi..."
na sikumbuki tena nilitaka asifanye nini.

Macho hayana pazia, husemwa. Sawa.
Lakini macho yana miguu!
Anayetaka kuchungulia na aje, achubuke magoti kwenye mivinje,
nimwone naye, nimmwagie ndoo ya maji.
Jicho hili limeuacha mwili wake nyumbani,
kwenye kochi, unakula biskuti.

Afisa wa manispaa alinisikiliza huku akitafuta kifuniko cha kalamu.
"Mama, hewa haina hatimiliki."
Nikamuuliza: na mvua inyeshapo humo, inalowesha bustani ya nani?
Akaniandikia namba ya simu.
Iliita.

Basi nikavuka barabara mwenyewe.
Tymon, mjukuu wa Halicki, miaka kumi na minne, chunusi kidevuni.
"Sikuwa nakupiga wewe, bibi. Napiga mapaa."
Akanionyesha.

Nikaliona paa letu, na kigae kilichopasuka
ambacho fundi aliapa amekibadilisha.
Nikaona utosi wangu, nywele zilizorudi
chache, kama majani ya kando ya reli.
Na kwenye nyasi, mstari.
Mwembamba, mkavu, kutoka mlangoni hadi bombani,
bombani hadi kwenye benchi.
Sikuwahi kuuona.
Nimeuandika kwa visigino miaka mitatu
bila kujua kwamba naandika,
na mtoto huyu ameshausoma.
"Huwa unakwenda pale kila siku?" akauliza,
bila ubaya wowote.
Hapo ndipo niliposikia baridi.

"Futa."
Akafuta. Kidole kimoja, mara moja.
Nikamshukuru, Mungu anisamehe,
kana kwamba amenipa kitu chake.
Nikiwa njiani nikawaza: kilichofutwa huenda wapi?
Hata kokwa nilizotema, nyingine zimeota.

Siku hizi nafika kwenye benchi kwa kuzunguka.
Leo kupitia vitungunni, kesho nyuma ya banda la kuni,
sikanyagi nilipokanyaga.
Nyasi zimeanza kuinuka.
Zenon ananiuliza mbona nachelewa.
Namjibu kwa kunong'ona,
kikombe kimefunika mdomo.