Timazi ya Famau Lali

Katika kasha lake tulikuta
pima-maji ambalo maji yake yalishakauka,
madaftari matatu yaliyoliwa pembeni na mchwa,
ribiti moja yenye kutu,
na timazi ya babake, mwashi wa Mkomani,
bado imefungwa uzi wa nyavu.

Siku alipoondoka Amu, mamake alimpa juzuu.
Babake alimtilia timazi mfukoni, akasema:
"Ukuta haudanganyi. Hudanganya mpimaji."

Bara alijifunza kwamba ndia ya kwetu ni njia,
na kwamba iko njia ya chuma
isiyojali mguu wa mtu wala wa punda.
Kazi yake ya kwanza: kuburura mnyororo,
pingili mia moja, nyika hadi nyika,
kuanzia Mazeras mpaka nyayo zikasahau chumvi.
Mzungu alisoma tarakimu, Kalasinga aliandika;
Famau, na mti wake wa rangi mbili,
ndiye aliyejua udongo unalalia wapi.

Usiku aliiba hesabu.
Karabai ikimwunguza nyusi, aliisoma miinuko:
moja kwa hamsini, garimoshi hupanda;
moja kwa thelathini, hukohoa;
zaidi ya hapo hurudi kinyumenyume
na halichagui wa kumponda.

Miaka kumi na minne. Msaidizi wa msaidizi.
Michoro yake, sahihi za wengine.
Isipokuwa moja.

Daftari la pili, masika, maili ya mia mbili na tatu,
udongo mweusi, ule unaovimba:
*Tuta limekaa. Linafaa.*
Chini yake jina lake zima, kwa wino,
na mkia wa herufi ya mwisho umevutwa kwa madaha.
Walimwambia mkubwa wa reli anapita Alhamisi.
Walimwambia, safari hii, Famau, tia sahihi wewe.

Jumatano usiku mabehewa ya katani yalilala ubavu.
Mpiga makaa, Wambua wa Kibwezi,
alipatikana asubuhi, beleshi mkononi.

Kurasa sita zinazofuata ni tupu.

Bendera ilipobadilika wakamwita Injinia.
Meza, panka, simu nyeusi iliyolia ovyo.
Alijenga madaraja manne. "Yote yamesimama,"
alikuwa akisema katikati ya chakula,
na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kisha akarudi huku, mji usio na gurudumu
ila la mkokoteni wa saruji,
vichochoro ambamo punda wawili wakikutana
mmoja lazima awe na adabu.
Tulimwita Babu Reli. Hatujawahi kuiona reli.
Siku moja akatuchorea garimoshi kwa mkaa
kwenye ukuta wa daka, hata moshi akautia.

Nikamwuliza usukani uko wapi.
Akasema halina.
"Sasa likifika kwenye kona?"
"Halikati kona. Hukatiwa. Ndia ndiyo inayogeuka."
"Na ndia ikiwa imekosea?"

Aliufuta mchoro wote kwa mkono wa kanzu,
kanzu ya Ijumaa, nyeupe,
akatuambia twende chuoni, alasiri imeingia.
Ilikuwa bado.

Daftari la tatu halina hesabu.
Kati ya kurasa, vishina vya hawala za posta:
Kibwezi, Kibwezi, Kibwezi,
kila mwisho wa mwezi, miaka thelathini na mmoja,
shilingi zikipanda pamoja na bei ya unga.
Cha mwisho kilirudi na muhuri: mpokeaji hajulikani.
Tarehe ni ile wiki aliyoacha kula.

Mama anataka ribiti itupwe, inachafua nguo.
Nimeificha.
Timazi nimeitundika kwenye msumari sebuleni
ili nione tu inavyotulia.
Iliyumba muda mrefu, ikasimama.
Ukuta wetu, alioujenga babake kwa mawe na chokaa,
umelalia kibarazani vidole viwili.

Sijamwambia mtu.
Jana nilichukua daftari la pili, kurasa zile tupu,
nikaandika tarehe, nikaandika vidole viwili,
na kalamu ikasita
pale pa kuweka jina.