Mseto

Saa nne usiku, Kondele. Stima imerudi.
Nafungua tawi nililolibatiza Mseto,
maana humo hakuna cha mtu mmoja.

Nelima katuma lake kutoka Webuye:
daftari la chanjo, safi, mistari imenyooka.
Kipng'etich, Kapsabet, kaandika upya tarehe
na chini yake ujumbe: Kwangu inafanya kazi.
Kwa Nelima pia inafanya kazi.
Kila mpishi kaonja chungu chake.

Naunganisha. Nangoja. Feni ya kompyuta yavuma.

Nyekundu.

Mtoto wa majaribio, tuliyembuni azaliwe Ahero,
kazaliwa Desemba,
kachanjwa Machi iliyotangulia.
Mmoja huanza na siku, mwenziwe na mwezi.
Hakuna aliyekosea;
aliyekosewa ni mtoto.

Siwaamshi. Tawi hili nitalifuta alfajiri,
ndiyo kazi yake, kuumia mapema
kabla muuguzi wa kweli hajalifungua daftari
na mama wa kweli amesimama mbele yake.

Nawaandikia wote wawili barua moja:
Kesho, kabla ya chai,
kabla ya mtu kugusa mstari wowote,
tukubaliane kwanza
tatu, kumi na mbili, ni lini.