Kamba Mguuni

Alfajiri soko la Burma linanuka manyoya mabichi
na mvuke wa sufuria za kunyonyolea.
Nilifika na boksi la barafu,
vijiti vya pamba sitini, kalamu isiyofutika.
Bi Kavinya akanitazama kama mtu wa kodi.
"Leo unawapima nini, joto au haya?"
Meza ya jirani ikaangua kicheko.
Nami nikacheka, huku nikimpangusa jogoo wake
pale ambapo jogoo hapendi kupanguswa.

Kumi na saba.
Ndivyo nilivyoandika kwenye kichupa, si Kavinya.
Maabara haijui jina la mtu,
wala haijui nani alinikopesha kuku wa Krismasi
mwaka ule mshahara ulipokwama.

Kule Kabete vichupa vililala usiku kucha
katika mchuzi wa nyuzi thelathini na saba,
joto la yai chini ya mama.
Asubuhi nikawavunja vijidudu kuta kwa moto,
nikachukua kilichomwagika: uzi,
mwembamba hata jicho halina kazi nao.

Mashine yetu ni kisanduku cha kijivu,
mfuniko wenye ufa, Wekesa kaubandika gundi.
Inapasha: uzi unaachana.
Inapoza: kianzio kinatafuta herufi zake
kama mtu apapasaye swichi gizani katika nyumba aliyozaliwa.
Kikizipata, kinanakili. Kisipozipata, kimya.
Moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane,
mara thelathini na tano,
nasi tunakunywa chai.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Mimi sikumtafuta kuku.
Nilimtafuta mgeni aliye ndani ya kuku,
naye ana kamba yake: jeni moja,
ile anayofungulia mlango wa utumbo wa mtu.
Abadili banda, abadili lori, abadili soko,
hiyo haivui.
Akiivua, atabaki nje.

Zamani tulisubiri sahani. Siku tano,
hadi madoa yaote kitovu cheusi.
Enzi hizo Kemunto, mtoto wa dada yangu,
alilazwa Mbagathi na homa isiyo na jina.
Jina lilifika siku ya sita,
limeandikwa vizuri, limegongwa muhuri.
Hapakuwa na wa kumpa.

Mzunguko wa ishirini na mbili, mstari ukainuka.
Wa kumi na saba. Kisha wa arobaini na moja.
Nikakitazama kichupa cha maji matupu, shahidi wetu,
na Mungu anisamehe, nilitamani nacho kiinuke,
uchafu uwe wa mikono yangu.
Kililala chali, safi.
Nikarudia kipimo. Kikasema vilevile.

"Anaumwa?" Kavinya akauliza.
"Hapana. Ndiyo tabu yenyewe. Mzima kabisa."
Jogoo akawika, kana kwamba ameitwa shahidi.
Nikamweleza: maji yachemke, ubao usuguliwe,
kisu cha matumbo kisiguse tena
nyanya za kachumbari za yule kijana wa pembeni.
Alisikiliza akipangusa mikono kwenye leso,
akiipangusa tena, na tena.
"Wako ishirini. Mia saba kila mmoja.
Mashine yako inaniambia nani atalipa?"

Nikafungua daftari. Lina safu ya tarehe,
ya namba, ya aina ya ndege, ya matokeo.
Nililigeuza nyuma, kwenye jalada,
nikaandika alichonitajia: Ruai, banda la mabati ya buluu,
namba ya simu ya mtu anayeuza kwa jumla.
Kamba ina ncha ya pili.

Kavinya alikuwa ameinama,
akifungua katani mguuni pa jogoo,
polepole, asimuumize.