Siki

Mwalimu Makvala, ulileta kioo darasani
tuutazame ulimi unavyochungulia kati ya meno
kwa ile sauti ambayo Kigeorgia hakina,
nasi wanafunzi ishirini wa chuo cha hoteli, Batumi,
tukarushiana mate hadi kengele ilipolia.

Ulisema: tabasamu husikika hata kwenye simu.
Ulisema: msiseme "hapana", semeni "kwa bahati mbaya".
Msiseme "nini?". Mgeni hajakosea,
ni sikio lenu lililochelewa.
Nikaandika yote: sentensi kumi na mbili za mapokezi
na ukurasa mzima wa kuomba radhi.

Likizo nilipanda Khulo, nikazikariri zizini.
Ng'ombe wetu alikaribishwa rasmi,
akaulizwa kama angependa chumba kinachotazama bahari.
Mama aliegemea mlango na koleo lake
(mama, ndivyo tumwitavyo baba,
ndiyo maana katika insha yangu ya kwanza ya Kiingereza
mama alikuwa na ndevu, nawe ukacheka hadi machozi),
akauliza: "Kwa hiyo watakulipa kwa kuomba msamaha?"
Bebia hakusema neno. Bebia, mgeni akiingia,
hamuulizi kitu; humjazia sahani
mpaka anayeomba msamaha awe mgeni.

Nguo ya kuazima haisitiri makalio.
Kiingereza nilikivaa hivyo, Mwalimu:
kila nikimaliza kusema
narudi kinyumenyume.

Kisha usiku ule wa Julai, saa kumi kasorobo,
Bwana Wieczorek wa chumba mia nne kumi na saba
akashuka peku, shati amelivaa ndani nje.

"Msichana," akasema. "Msichana wangu, moto."

Nikatabasamu.
"Tunasikitika sana kwa usumbufu huo, bwana.
Fundi wa kiyoyozi atafika baada ya dakika kumi."

"Moto. Moto, moto."

"Naelewa kabisa, bwana. Je, ungependa feni kwa sasa?"

Sikuwahi kuzisema vizuri namna ile.
Hata ulimi ulikaa mahali pake.

Akaunyakua mkono wangu juu ya kaunta,
akaubandika kwenye paji la uso wake,
akatikisa kichwa: siyo huyu.
Akaonyesha dari. Orofa ya nne.

Tulipanda ngazi mbilimbili.
Kalina, miaka minne, nywele zimegandana kwa jasho,
anazungumza na mtu aliyekuwa karibu na pazia.
Nikapiga simu ya dharura kwa lugha yangu,
na lugha yangu ikatoka kama mbwa aliyefunguliwa.
Halafu nikakumbuka kitambaa cha Bebia,
na kile alichokichovya ndani yake,
na neno sina. Sentensi kumi na mbili, na neno sina.
Yeye naye alilitafuta, vidole vikisugua hewa.

"Ocet," akasema.
"Dzmari," nikasema.
Tukatazamana kama watu wawili
waliopoteza ufunguo mmoja.

Nikashuka jikoni, nikarudi na chupa, nikang'oa kizibo.
Akanusa.
"Ocet!" akasema, akaketi ukingoni mwa kitanda,
akalia kwa lugha isiyo na sarufi.

Daktari alifika alfajiri. Koo tu, alisema, na dawa ya maji.
Saa moja kamili Rezo, fundi wa kiyoyozi,
ambaye kumbe nilikuwa nimeshamwita,
alibisha na ngazi begani, akawakuta wamelala wote,
akakirekebisha kilichokuwa kizima.

Siku ya kuondoka, Bwana Wieczorek alijaza fomu.
Usafi: tano. Kifungua kinywa: nne.
Kiingereza cha wahudumu: tatu.
Ni haki yake.

Neno lenyewe nililipata baadaye kwenye kamusi.
Nimeliandika kwa penseli, pembeni,
kwenye ule ukurasa wa kuomba radhi.