Shavu Likae

Swabra, bunduki usiniulize, sikuizoea.
Miaka kumi na saba nilikaa shimoni, machimbo ya Mwakirunge,
nikiilisha mashine visahani vya rangi ya chungwa,
mkono mmoja sahani, mwingine nikipangusa vumbi la tumbawe machoni.
Wenye bunduki walisimama juu, wakaita "Vuta!"
nami nikavuta.
Kwa kishindo nilijua nani kafyatua,
na kwa kimya baada ya kishindo, kwa nini kakosa.

Wewe unakosa kwa shavu.
Sahani ikichomoka unainua kichwa
kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni,
unataka kuiona ikipasuka kabla hujaipasua.
Marisau yanapita juu, sahani inakwenda zake.
Shavu likae. Lizame kwenye mti wa kitako
hata urudi kwenu na alama yake,
watu waulize nani kakuzaba kofi.

Bunduki haitoki kwenye kabati la chuma, sheria ni sheria,
basi chukua mpini wa ufagio.
Panda darini kwenu Majengo, alasiri ikishapita.
Kunguru wa Mombasa hawana ratiba wala adabu:
mmoja ataruka kushoto, mwingine atakukatia kulia,
wa tatu atakutazama tu.
Usiwafuate kwa mikono, mikono ina pupa.
Geuka kwa kiuno, magoti yalegee,
macho yatangulie, mpini ufuate.
Bi Mwanakombo wa chumba cha pili atacheka,
atasema binti Shekue kapandwa na jini la kufagia mbingu.
Mwache. Kunguru thelathini, kisha ukaoge.

Na usihesabu.
Nakuona unavyohesabu, midomo inakucheza.
Ishirini na tano ni hesabu ya karani
aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na kalamu yake.
Yako ni moja.
Ikivunjika, moja. Ikiponyoka, moja.

Jumamosi ya mashindano ulizivunja kumi na moja mfululizo,
moshi mweusi ukining'inia mahali sahani ilipokuwa.
Kisha mtu nyuma akasema, "Huyu msichana ni moto,"
ukasikia, ukatabasamu,
na tabasamu, mwanangu, huinua shavu.
Tatu zikaenda.
Nilikuwa nyuma ya kamba, nimeuma ulimi.
Kanuni haziruhusu neno. Nikajigusa shavu kwa kidole,
mara mbili, kama mtu anayefukuza nzi.
Sijui kama uliniona.

Kumi na tisa.
Kijana wa Nyali, mwenye kizibao cha mifuko minne, alipata ishirini na mbili.
Hukulia. Ulishuka machimboni peke yako na viatu vya shule,
ukarudi na sahani moja nzima, haina hata ufa,
ukaniuliza: hii ilipita wapi?

Niliishika. Ilikuwa bado na joto la jua.
Maelfu nimezipakia, sina idadi,
na hakuna aliyesimama juu
aliyewahi kuniuliza swali hilo.
"Chini yako," nilikwambia. "Upana wa kiganja."
Ukaitia mfukoni bila kusema.

Nasikia mamako anawekea pini za mtandio.
Sawa.
Kesho saa kumi. Njoo na maji,
na ule kwanza; Jumamosi tumbo lako nililisikia nikiwa kule kwenye kamba.